Mkasi wa Mheshimiwa Waziri

Nchi yenyewe haitatajwa jina, kwa kuwa ni nchi yenye haya na haipendi kusemwasemwa. Itoshe kujua kwamba huko hakuna kitu kinachoruhusiwa kutumika kabla hakijazinduliwa. Kisima kikichimbwa, wananchi hukizunguka na ndoo tupu mpaka aje mgeni rasmi kukata utepe. Choo cha soko kikijengwa, wenye haja hungoja nje ya utepe, na wanaoshindwa kungoja huonywa kwa maandishi. Zahanati moja ilikaa miaka minne dawa zake zikiwa zimefungwa utepe wa buluu, na wagonjwa waliofariki katika kipindi hicho walisifiwa na redio ya taifa kwa uvumilivu wao.

Basi Wizara ya Elimu na Uzinduzi ilipotangaza Kampeni ya Taifa ya Kuhamasisha Usomaji Mashuleni, ilikuwa wazi kwamba vitabu navyo vitazinduliwa. Tena si maktaba kwa ujumla wake, bali kila kitabu peke yake, na utepe wake. Waraka ulifafanua kwamba kitabu ambacho hakijazinduliwa ni karatasi ghafi, na mtoto akikisoma anaweza kupata maarifa ghafi, ambayo serikali haitawajibika nayo.

Shule ya Msingi Jitihada ilipokea vitabu mia mbili na sita. Vilikuja vimefungwa utepe mwekundu, kila kimoja na fundo lake lenye masikio mawili, vikapangwa kwenye rafu za chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Mlangoni pakabandikwa kaulimbiu ya kampeni: TAIFA LINASOMA. Chini yake, kwa herufi ndogo, paliandikwa: Usiguse.

Mwalimu wa maktaba aliteuliwa Mwajabu Senkoro, mwalimu wa darasa la tano, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali na subira fupi. Darasa lake lilikuwa na watoto arobaini na watatu, na wote walikuwa wamefika darasa la tano bila kujua kusoma, jambo ambalo katika nchi hiyo halikumzuia mtu kuendelea mbele. Mwajabu alipopewa ufunguo alifurahi kama mtu aliyepewa nyumba. Furaha hiyo ilidumu mpaka aliposoma Mwongozo wa Shughuli za Maktaba.

Mwongozo uliagiza kwamba wakati wa kumsubiri mgeni rasmi, wanafunzi wahamasishwe kusoma kwa njia zifuatazo. Jumatatu wangezunguka maktaba mara tatu wakiimba wimbo wa kusoma. Jumatano wangefuta vumbi kwenye rafu, bila kuvigusa vitabu. Ijumaa kulikuwa na saa ya maktaba yenyewe, ambapo watoto walisimama mbele ya rafu, mikono nyuma, wakavitazama vitabu kwa dakika arobaini. Mwishoni walitakiwa kusema kwa pamoja, "Tumehamasika."

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Mara ya kwanza hakufika kwa sababu alikuwa anazindua daraja. Mara ya pili alikuwa anazindua mto, kwa kuwa iligundulika kwamba daraja lile lilijengwa pasipo na mto. Mara ya tatu alikuwa anazindua ratiba ya uzinduzi. Wiki zikawa miezi, utepe ukaanza kupauka, na watoto wa darasa la tano waliendelea kuhamasika kila Ijumaa.

Ijumaa moja msichana aitwaye Kidawa, mwenye meno makubwa na maswali makubwa zaidi, alinyoosha mkono katikati ya kutazama.

"Mwalimu, ndani yake mna nini?"

Hata Mwajabu hakujua. Aliona aibu, kisha aibu ikageuka hasira, na hasira ya Mwajabu haikuwa ya kukaa bure. Alifunga mlango kwa ndani, akachukua kitabu kilichokuwa karibu, akavuta sikio moja la fundo. Utepe ukafunguka bila kelele yoyote. Nchi haikuanguka.

Kuanzia siku hiyo shule ile ilikuwa na maktaba mbili, moja ya Mwongozo na moja ya Mwajabu. Ya Mwajabu ilifanya kazi saa ya uji. Watoto walinawa mikono kwenye beseni, wakajifuta kwenye sare, wakaingia kumi kumi. Kwanza walijifunza kufunga fundo, kabla hata ya herufi: sikio la kushoto liwe refu kidogo, kwa sababu ndivyo lilivyofungwa wilayani. Kisha wakajifunza herufi, kisha maneno, na baada ya miezi saba Kidawa alikuwa anasoma huku anakula, jambo lililokatazwa, na huku anatembea, jambo lililomgonganisha na nguzo ya bendera.

Waliandika pia. Kulikuwa na kitabu kimoja cha mwizi wa mbuzi ambacho panya, asiyejua taratibu za uzinduzi, alikuwa amekula kurasa za mwisho. Mwajabu akamwambia kila mtoto aandike mwisho wake. Zilikuja hadithi arobaini na tatu. Katika tisa mwizi alikamatwa, katika tatu mbuzi alimla mwizi, na katika zote zilizobaki mwizi alichaguliwa kuwa diwani. Mwajabu alizisoma peke yake ofisini, akacheka mpaka akalia, akajua kwamba hataviachia vitabu vile kirahisi.

Baada ya miezi kumi na minne ya maktaba ya saa ya uji, darasa likiwa bado la tano kwa kuwa la sita lilikuwa halijazinduliwa, alikuja Bwana Shekiondo.

Bwana Shekiondo alikuwa Afisa Utepe wa Wilaya. Kazi yake ilikuwa kupita shule kwa shule kuhakikisha kwamba vitabu havijasomwa, na kwa miaka miwili alikuwa akiandika katika taarifa zake kwamba hali ya kutosoma ni ya kuridhisha. Alipita mbele ya rafu akigusa kila fundo kwa kidole kimoja, kama mama anayepima joto la mtoto. Kwenye kitabu cha mwizi wa mbuzi kidole kikasimama. Akakiinua kitabu, akakinusa.

"Haya ni mafuta ya andazi," alisema.

"Labda ni ya panya," alisema Mwajabu.

"Panya hali andazi akalamba kidole ndipo afungue ukurasa. Mwalimu, kitabu hiki kimesomwa."

Mwalimu Mkuu, Bwana Mtengeti, aliyekuwa ameongozana na afisa huyo, alikuwa mtu mnene mpole ambaye alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu na alikusudia kuufikia akiwa hai. Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, kiti kikalia. Kosa la kusoma kabla ya uzinduzi lilikuwa na adhabu mbili: mwalimu kufukuzwa, na vitabu kurudishwa bohari ya wilaya, ambako hakuna kitabu kilichowahi kutoka tena. Kwa hiyo kilichokuwa hatarini hakikuwa siri kwa mtu yeyote chumbani humo. Mwajabu hakuogopa sana kufukuzwa. Aliwaza rafu tupu, na Kidawa amesimama mbele yake, mikono nyuma.

"Bwana Shekiondo," Mtengeti alisema kwa upole, "wewe umeandika miaka miwili kwamba vitabu hivi havijaguswa. Wakubwa wakisikia vimeguswa, watauliza ulikuwa unakagua nini."

Shekiondo alikaa naye. Kila mmoja akaitazama pensheni yake ikiondoka.

"Mheshimiwa anakuja Alhamisi," Shekiondo alisema mwishowe. "Safari hii ni kweli, barabara imepakwa rangi. Afike, awakute watoto hawajui kusoma. Akate utepe, halafu wasome kidogo. Vitabu vitakuwa vimezinduliwa, na hakuna atakayeuliza kitu."

"Nikawafundishe watoto kujifanya wajinga?" Mwajabu aliuliza.

"Kwa asubuhi moja tu, binti yangu," alisema Mtengeti. "Baada ya hapo vitabu ni vyenu, kwa sheria."

Mwajabu aliwachukia wote wawili. Kisha akakubali, akajichukia na yeye. Kesho yake aliwaambia watoto, nao wakasikiliza wakiwa wametulia.

"Mwalimu, si ni uongo?" aliuliza Kidawa.

"Ni uongo."

"Na wewe ulisema tusiseme uongo."

"Nilisema. Nataka vitabu vibaki, Kidawa. Sina njia nyingine niliyoiona."

Kidawa alifikiri. "Basi nitakuwa mjinga kuliko wote," alisema.

Alhamisi ikafika. Mahema yakasimamishwa, bendi ya magereza ikapiga, na Mheshimiwa Waziri akashuka kwenye gari la saba katika msafara wa magari kumi na moja. Alikuwa mtu wa umbo kubwa na sauti kubwa, na nyuma yake alitembea msaidizi aliyebeba mkasi wa dhahabu juu ya mto wa kulalia. Mkasi huo ulikuwa umezindua nusu ya nchi, na nusu nyingine ilikuwa bado inangoja.

"Ndugu wananchi," alianza Mheshimiwa, "kusoma ni kusoma. Asiyesoma hajasoma, na aliyesoma, kwa kiasi kikubwa, amesoma. Serikali yenu sikivu, baada ya kufanya utafiti wa kina, imebaini kwamba kitabu ni muhimu sana katika usomaji." Watu wakapiga makofi. Aliendelea hivyo kwa saa moja na nusu, na watoto sita wa darasa la kwanza wakazimia juani, wakaondolewa kwa utaratibu.

Kisha akamwita mtoto mmoja mbele, aone hali ilivyo kabla ya uzinduzi. Akaenda Kidawa. Mheshimiwa akamwonyesha jalada la kitabu, akauliza pameandikwa nini. Kidawa akakisogelea, akarudi nyuma, akakigeuza miguu juu, akakitia sikioni.

"Sijui, shikamoo," alisema. "Naona wadudu weusi wamepanga foleni."

Makofi yakalipuka. Jukwaa lote la wageni lilifurahi kuona ujinga safi namna ile. Mwajabu alikuwa amesimama kando ya hema, mikono nyuma.

Mheshimiwa akauchukua mkasi, akakata utepe wa kitabu kile, akampa Kidawa. Walikuwa wamekubaliana na Mwajabu asome kidogo, mstari mmoja au miwili, kwa kubabaika. Lakini kilikuwa kitabu cha mwizi wa mbuzi, na Kidawa hakuwahi kukisoma kidogo katika maisha yake. Alisoma ukurasa mzima, kisha mwingine na mwingine. Alitoa sauti ya mwizi, akatoa sauti ya mbuzi, akapumzika penye nukta, na alipofika mahali ambapo panya aliishia akaendelea kwa mwisho wake mwenyewe, wa diwani, hadi Mtengeti alipopata kikohozi kikali.

Mheshimiwa alimtazama Kidawa, halafu akautazama mkasi.

"Lete mwingine," alisema polepole.

Wakaletwa wengine. Kila mmoja aliulizwa kabla, akasema hajui. Kila mmoja alikatiwa utepe, akasoma. Walipofika wa ishirini, Mheshimiwa alikuwa anatetemeka. Walipofika wa arobaini na tatu alikuwa analia waziwazi, na wasaidizi wake, walipoona analia, wakalia pia kufuatana na vyeo.

"Miaka yote hii," alisema kwenye kipaza sauti, "nimekuwa nautumia mkasi huu kwa mabomba."

Tamko la serikali lilitoka wiki iliyofuata. Lilisema kwamba imethibitika, mbele ya mashahidi, kuwa mtoto hujua kusoma mara tu Mheshimiwa Waziri akatapo utepe. Kwa hiyo vyuo vya ualimu vitageuzwa kuwa kumbi za sherehe. Kwa hiyo shule zisizo na vitabu zisihuzunike, kwani kitu cha lazima ni utepe, na utepe upo wa kutosha. Mheshimiwa ataizunguka nchi akikata. Na kwa hiyo vile vitabu mia mbili na sita vya Shule ya Msingi Jitihada, kwa kuwa ndivyo vilivyoshuhudia muujiza wa kwanza, vitahamishiwa Jumba la Makumbusho la Taifa, vikae ndani ya kioo.

Mwajabu alisoma tamko hilo akiwa amesimama. Alilisoma tena akiwa amekaa. Alikuwa ameuza ukweli ili vitabu vibaki, na bei yake ikawa ni vitabu vyenyewe.

Lori lilikuja Jumanne, pamoja na Katibu wa Tume ya Muujiza, kijana nadhifu mwenye jalada jipya. Mwajabu alisimama mlangoni mwa maktaba, mikono kiunoni.

"Andika," alimwambia. "Watoto hawa walikuwa wanajua kusoma kabla ya ile Alhamisi. Nimewafundisha mimi, miezi kumi na minne, kwa vitabu hivi, saa ya uji. Tulidanganya. Nifukuze mimi, acha vitabu."

Katibu aliandika kwa adabu. "Ulitumia mkasi gani?"

"Sikutumia mkasi."

"Utepe ulikatwa na nani?"

"Haukukatwa. Tulikuwa tunaufungua kwa mkono, tukimaliza tunaufunga."

Katibu alisimamisha kalamu, akamtazama kwa huruma. "Mwalimu, kitaalamu hilo haliwezekani. Nchi nzima ina utepe ambao haujakatwa, na nchi nzima haijui kusoma. Takwimu ndizo hizo."

"Muulize mtoto yeyote."

Akamwita Kidawa. Kidawa akasema ni kweli, mwalimu ndiye aliyewafundisha. Katibu akaandika kwamba mtoto huyo, kabla ya uzinduzi, alikiri mbele ya umati kuwa anaona wadudu, na kwamba mtu aliyekuwa anaona wadudu hawezi kuwa shahidi wa kipindi hicho. Kidawa alimgeukia Mwajabu. Mwajabu hakuweza kuyatazama macho yale, akatazama chini. Vitabu vikapakiwa, na rafu zikabaki na mistari ya vumbi palipokuwa na vitabu.

Lililobaki lilikuwa jambo dogo. Wizara ilitaka pia kuhamasisha uandishi, maana mwaka wa fedha ulikuwa unakwisha, na ikaagiza kila mtoto wa darasa la tano la muujiza amwandikie Mheshimiwa barua ya shukrani. Barua hizo zingetundikwa makumbusho, pembeni ya mkasi. Mwajabu alisimama mbele ya darasa, akasoma agizo lote bila kuongeza neno. Kisha akasema, "Andikeni mnachotaka kumwambia," akakaa.

Waliandika. Hawakunong'ona, hawakuchungulia daftari la jirani. Mwajabu alizikusanya, akazisahihisha mchana huohuo kwa kalamu nyekundu.

Bwana Shekiondo alikuja kuzichukua asubuhi iliyofuata, sasa akiwa amepandishwa cheo kuwa Afisa Muujiza. Alisoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akazipekua zote haraka, jasho likimtoka, maana ingawa maneno yalitofautiana, habari ilikuwa ile ile. Ya Kidawa ilikuwa fupi kuliko zote: "Mheshimiwa, tulikuwa tunajua kusoma kabla hujaja. Turudishie vitabu vyetu. Mkasi kaa nao."

"Waambie waandike upya," alisema Shekiondo.

"Kwa nini? Nimeshasahihisha. Hakuna aliyepata chini ya tisa."

"Mwajabu, dada yangu. Mimi nina watoto."

"Na mimi ninao, arobaini na watatu. Nimewafundisha uongo mara moja, na umeona ulikotufikisha. Sifundishi tena."

Shekiondo alitoa mfukoni barua nyingine, ya Wizara, ambayo ilikuwa imeandikwa mapema kwa tahadhari. Kuanzia siku hiyo Mwalimu Mwajabu Senkoro alihamishiwa shule ambayo bado ilikuwa kwenye mchoro, na aripoti huko mara itakapojengwa na kuzinduliwa. Mwajabu aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

"Na barua utazipata wapi?" aliuliza.

"Nitaziandika mwenyewe."

Akaketi kwenye meza ya mwalimu, mbele ya darasa, akafungua bunda la karatasi. Alikuwa na barua arobaini na tatu za kuandika kabla ya gari la saa nane, kwa mwandiko wa kitoto. Huyo ndiye mtu pekee katika wizara nzima ambaye kampeni ile ya uandishi ilimfanya ashike kalamu. Aliinama, akatoa ncha ya ulimi, akaanza.

Kidawa aliinuka kutoka dawati lake, akaenda hadi mezani, akasimama nyuma ya bega la Bwana Shekiondo. Wengine wakamfuata mmoja mmoja mpaka meza ikazungukwa pande zote. Mwajabu, aliyekwishafika mlangoni na mkoba wake, akageuka kutazama.

"Mpendwa," Kidawa alisoma kwa sauti.

"Mheshimiwa," wakasoma wote.

Shekiondo alifunika karatasi kwa mkono wa kushoto. Walisubiri. Akaandika neno jingine, akalazimika kuusogeza mkono ili apate nafasi.

"Mimi," darasa likasoma, "ni mtoto."

"Kaeni chini," alisema Shekiondo. Hakuna aliyekaa. Alimtazama Mwajabu pale mlangoni, naye Mwajabu akamtazama. Shekiondo akaiweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. Watoto arobaini na watatu wakainama karibu zaidi, wakasubiri waone ataandika nini.